Patrick O'Connell: Aliirudia Barcelona vitani, hakuirudia nyumba yake

Pita kwenye vibanda vya kutazamia mpira, kuanzia Likoni hadi Malindi, siku Barcelona inapokutana na Real Madrid. Hutakosa kusikia watu wakibishana kuhusu kina Cruyff, Ronaldinho na Messi. Jina la Patrick O'Connell hutalisikia. Huyu ndiye aliyekuwa kocha wa Barcelona msimu wa 1935/36, msimu wa mwisho kabla ya Uhispania kutumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni yeye pia aliyekuwa kocha wakati klabu ilipovuka bahari kwenda kutafuta pesa za kujiokoa.

Maisha yake si mepesi kuyasimulia. Mila yetu inatufunza kutomsema maiti kwa ubaya, na kwa kawaida mtu akishafukiwa tunayafukia na makosa yake. Lakini habari za O'Connell zikisimuliwa nusu zinakuwa uongo. Nusu moja inampa sifa za shujaa, na nusu ya pili ina mke na watoto wanne walioachwa katika jiji la Manchester wakisubiri baba ambaye hakurudi. Msomaji, leo tuzitazame nusu zote mbili pamoja.

Kijana wa Dublin

O'Connell alizaliwa Dublin mwezi Machi 1887, wakati Ireland yote ilipokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Akiwa kijana alifanya kazi katika kinu cha unga cha Boland, mojawapo ya sehemu zilizowapa ajira watu wa tabaka la chini mjini humo. Mpira ndio uliomtoa huko. Mwaka 1908 alioa, na mwaka huohuo akaanza kucheza Belfast Celtic. Mwaka uliofuata alivuka bahari kujiunga na Sheffield Wednesday ya Uingereza, na mwaka 1912 akahamia Hull City. Alikuwa kiungo wa nyuma mwenye mwili na sauti, aina ya mchezaji anayewapanga wenzake badala ya kukimbilia kufunga.

Mwaka 1914 nyota yake iling'aa. Alikuwa katika kikosi cha Ireland kilichotwaa ubingwa wa mataifa ya Uingereza, mashindano yaliyokuwa yakizikutanisha Uingereza, Scotland, Wales na Ireland kila mwaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ireland kulibeba taji hilo bila ya kugawana na mtu. Waliwapiga Waingereza 3-0 katika mji wa Middlesbrough, nyumbani kwao, na dhidi ya Scotland O'Connell alicheza akiwa ameumia mkono. Miezi michache baadaye Manchester United ililipa pauni 1,000 kumnunua, na ikampa unahodha.

Ijumaa Kuu ya 1915

Hapo ndipo doa la kwanza linapoonekana. Manchester United ya 1914/15 haikuwa hii tunayoijua. Ilikuwa timu dhaifu iliyokuwa ikipigania kutoshushwa ngazi. Nje ya uwanja, Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza na ilijulikana kuwa ligi ingesimamishwa msimu ukiisha. Wachezaji walijua mishahara yao ilikuwa ukingoni. Mtu mwenye mke na watoto anapoona kibarua kinaota nyasi, vishawishi humjia kwa urahisi.

Tarehe 2 Aprili 1915, siku ya Ijumaa Kuu, United iliikaribisha Liverpool na kushinda 2-0. Mchezo ulikuwa wa kutia shaka tangu mwanzo hadi mwisho. United walipata penalti, na O'Connell, aliyekwenda kuipiga, aliutuma mpira mbali kabisa na lango. Baadaye ikafichuka kwamba watu walikuwa wameweka pesa nyingi kwenye kamari wakitabiri matokeo yayo hayo ya 2-0. Shirikisho la soka la Uingereza lilichunguza, na mwezi Desemba likawafungia maisha wachezaji saba, wanne wa Liverpool na watatu wa United.

O'Connell hakuwa miongoni mwao. Hakuna aliyethibitisha mbele ya shirikisho kwamba alihusika, na kisheria alitoka akiwa safi. Hata hivyo alikuwa ndiye nahodha, na penalti ile ilikuwa yake. United ilinusurika kushushwa kwa pointi moja tu. Katika nchi hii yetu, ambako vijana wengi wanabeti kila siku na wachezaji wa ligi za chini hukaa miezi bila ya mshahara, hatuhitaji kuelezwa jinsi mambo ya namna hiyo yanavyotokea.

Vita vilipokwisha, umri ulikuwa umeshaanza kumtupa mkono. Alicheza Dumbarton ya Scotland, kisha akaenda Ashington, mji wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, akawa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Huko alijifunza kazi ambayo ingemlisha maisha yake yote.

Kuondoka bila kuaga

Mwaka 1922 O'Connell alifunga safari kwenda Santander, mji wa bandari kaskazini mwa Uhispania, kuifundisha Racing. Mke na watoto wanne alikuwa amewaacha Manchester. Hakurudi kuishi nao tena.

Kwa miaka mingi familia ilipata pesa alizozituma mara kwa mara kutoka Uhispania, mara zinafika mara hazifiki. Watoto walikua wakijua wana baba aliye hai mahali fulani kwenye jua, anayefundisha mpira. Zaidi ya hapo hawakujua mengi.

Sisi watu wa bandari tunaifahamu habari hii. Pwani yetu ina nyumba ambazo baba alipanda meli au ndege kwenda kutafuta, ikaja barua moja, zikaja pesa mara mbili tatu, kisha kimya. Wakati mwingine mtu hupatwa na mauti. Wakati mwingine hufilisika akaona haya kurudi mikono mitupu. Na wakati mwingine huwa amepata maisha mengine. O'Connell alikuwa wa kundi hili la tatu.

Don Patricio

Uhispania ilimpokea vizuri. Wakati ule makocha kutoka Uingereza na Ireland walikuwa wakithaminiwa mno huko, na Racing ilikuwa imeshawahi kufundishwa na Mwingereza Fred Pentland. O'Connell alikaa Santander miaka saba. Aliwafundisha wachezaji nidhamu ya mwili, kupasiana chini kwa chini, na zaidi ya yote namna ya kujilinda kwa mpango. Uhispania ilipoanzisha ligi ya taifa mwaka 1929 ikiwa na timu kumi, Racing ilipita kwenye mechi za mchujo na kuingia ligi kuu ya kwanza kabisa.

Kutoka hapo alikwenda Oviedo, na mwaka 1932 akashuka kusini hadi Seville kuifundisha Betis, iliyokuwa timu ya kwanza ya jimbo la Andalusia kupanda ligi kuu. Betis haikuwa na utajiri wa Madrid wala wa Barcelona. O'Connell aliijenga kwa uti wa mgongo wa wachezaji kutoka nchi ya Wabasque huko kaskazini: golikipa Urquiaga, mabeki Areso na Aedo, kiungo Lecue na mshambuliaji Unamuno. Ilikuwa timu ngumu kuifunga. Msimu wa 1934/35 iliruhusu mabao 19 tu katika mechi 22.

Siku ya mwisho ya msimu huo, tarehe 28 Aprili 1935, Betis ilikuwa ikiizidi Madrid kwa pointi moja. Ilibidi ishinde ugenini, na mwenyeji wake alikuwa Racing ya Santander, timu ambayo O'Connell mwenyewe aliilea. Inasimuliwa hadi leo kwamba usiku wa kuamkia mechi alikwenda kuwatembelea vijana wake wa zamani, wakazungumza. Lililosemwa huko kila mtu hulisimulia kwa namna yake. Kinachojulikana ni kwamba kesho yake Betis ilishinda 5-0 na kuwa bingwa wa Uhispania. Mpaka leo Betis haijapata taji jingine la ligi.

Huko Seville watu walimwita Don Patricio, jina la heshima ambalo Wahispania humpa mtu wanayemstahi. Na huko huko Seville alioa tena. Mke wa pili alikuwa mwanamke wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, na jina lake la kwanza lilikuwa lile lile la mke aliyekuwa Manchester. Kwa dini yake na kwa sheria za kwao ndoa ile haikuwa halali, kwa kuwa mke wa kwanza alikuwa hai na hakuwa ameachwa kwa talaka. Mke huyo wa pili hakuambiwa ukweli.

Msimu kabla ya dhoruba

Baada ya kuipa Betis ubingwa, O'Connell alikuwa kocha anayetafutwa. Kiangazi cha 1935 Barcelona ilimchukua. Katika mwezi wa Julai mwaka huo klabu ilimpata rais mpya pia, Josep Sunyol, wakili kutoka familia iliyotajirika kwa biashara ya sukari. Sunyol alikuwa mbunge wa chama cha mrengo wa kushoto cha Wakatalani, na mwaka 1930 alikuwa ameanzisha gazeti la La Rambla, lililoshika msimamo kwamba michezo na uraia mwema ni mambo yanayokwenda pamoja.

Klabu waliyoikuta haikuwa na afya. Barcelona ilikuwa imetwaa ligi ya kwanza kabisa mwaka 1929, na tangu hapo haikuwa imeonja taji hilo tena. Siasa zilikuwa zimewachosha watu. Mwaka 1934 serikali ya jimbo la Catalonia ilijaribu kujitangazia dola yake, ikazimwa na viongozi wake wakafungwa. Februari 1936 vyama vya mrengo wa kushoto vilishinda uchaguzi mkuu, na nchi ikazidi kugawanyika. Watu walikuwa wakiuawa mitaani kwa sababu ya siasa. Wakati huohuo mechi zilichezwa kila Jumapili kama kawaida.

O'Connell alimleta beki wake Areso kutoka Betis. Washambuliaji aliowakuta, Josep Escolà na Martí Ventolrà, walikuwa na uwezo mkubwa. Msimu ule Barcelona ilitwaa ubingwa wa Catalonia. Katika ligi ya taifa ilimaliza nafasi ya tano, huku Athletic Bilbao ikiwa bingwa na Madrid ya pili. Tegemeo lililobaki lilikuwa Kombe la Rais wa Jamhuri.

Fainali ilichezwa Valencia, uwanjani Mestalla, tarehe 21 Juni 1936. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Barcelona na Madrid kukutana katika fainali ya kombe hilo. Madrid walifunga mapema kupitia Eugenio, halafu bao la pili likapachikwa na Lecue, yule yule kiungo aliyechukua ubingwa na O'Connell kule Betis mwaka mmoja kabla. Escolà alirudisha moja. Dakika za mwisho Escolà akapata nafasi ya wazi na kupiga shuti kali la chini. Vumbi lilitimka langoni. Lilipotulia, golikipa Ricardo Zamora, mzaliwa wa Barcelona aliyewahi kuidakia klabu hiyo, alikuwa ameukumbatia mpira. Madrid 2, Barcelona 1.

Wachezaji walitawanyika kwenda likizo. O'Connell alikwenda Ireland. Hawakujua kwamba ile ndiyo ilikuwa fainali ya mwisho ya kombe la taifa kabla ya vita, na kwamba baadhi yao wasingeonana tena.

Risasi badala ya filimbi

Tarehe 17 Julai majenerali waliasi huko Morocco, na siku ya pili uasi ukaenea Uhispania kwenyewe. Tarehe 19 Julai mapigano yalilipuka Barcelona. Siku hiyo mji ulikuwa umejaa wanamichezo wa kigeni waliokuja kwa Olimpiki ya Wananchi, mashindano yaliyoandaliwa kupinga Olimpiki ya Berlin iliyokuwa chini ya Hitler. Mashindano hayo hayakufanyika. Badala ya filimbi ya kuanzisha michezo watu waliamshwa na risasi.

Wiki tatu hazikutimia, msiba ukaingia klabuni. Tarehe 6 Agosti 1936 Sunyol alikuwa safarini katika milima ya Guadarrama karibu na Madrid, ambako majeshi ya pande mbili yalikuwa yakipigana. Gari lake lilivuka mstari bila ya kujua na likaingia upande wa waasi wa Jenerali Franco. Yeye na wenzake walipigwa risasi hapo hapo. Alikuwa na miaka 38.

Klabu ikabaki bila ya rais. Wafanyakazi wake waliunda kamati na kuishika wenyewe, kwa kuhofia kwamba makundi yenye silaha yaliyokuwa yakitwaa mali mjini yangeichukua. Mapato yalikauka. Wanachama walikuwa vitani, au wamekimbia, au hawana cha kulipa. Kocha alikuwa ng'ambo, salama, na klabu ilimwandikia kumweleza hali ilivyo na kwamba wangeelewa kama asingerudi.

Alirudi. Alikuwa na miaka 49, nchi haikuwa yake na vita havikuwa vyake. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki Dublin akasoma habari za Barcelona magazetini. Lakini alipanga virago akarudi kwenye mji wenye mabomu na foleni za mkate, akaendelea kuwafanyisha vijana mazoezi. Ligi ya taifa ilikuwa imesimama, kwa hiyo timu za upande wa Jamhuri ziliandaa mashindano yao. Mwaka 1937 Barcelona ilishinda Ligi ya Mediterania, iliyozikutanisha timu za Catalonia na Valencia.

Safari ya Mexico

Mataji hayakulipa mishahara. Mwaka huohuo wa 1937 mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiishi Mexico alikuja na wazo: timu ivuke Atlantiki kucheza mechi za kirafiki, naye angeilipa dola 15,000 pamoja na gharama za safari. Serikali ya Mexico chini ya Rais Lázaro Cárdenas ilikuwa ikiiunga mkono Jamhuri ya Uhispania, na watu wa huko waliwapokea wageni hao kwa shangwe.

O'Connell aliondoka na kundi dogo la wachezaji. Pamoja nao walikuwako katibu wa klabu, Rossend Calvet, daktari na mkandaji, Àngel Mur. Walicheza Mexico kwa wiki kadhaa, kisha wakaenda New York kwa mechi nyingine. Kila mechi iliongeza senti kwenye mfuko. Kila gazeti kutoka nyumbani lilileta habari mbaya zaidi.

Ikaja saa ya kuamua. Wachezaji waliambiwa waseme wenyewe kama watarudi au la. Wengi hawakurudi. Ventolrà alibaki Mexico, akaoa katika ukoo wa Rais Cárdenas, na miaka mingi baadaye mwanawe aliichezea Mexico katika Kombe la Dunia la 1970. Escolà na baadhi ya wenzake walitafuta kazi Ufaransa. Waliorejea Barcelona walikuwa wachezaji wanne tu, pamoja na katibu, daktari, mkandaji na kocha. Pesa za safari hazikupelekwa Barcelona. Ziliwekwa katika benki huko Paris, mbali na mikono ya wenye bunduki, na zikasaidia kulipa madeni ya klabu.

Wapo wanaosema kwamba O'Connell peke yake aliiokoa Barcelona. Hapo ndimi zimeteleza. Calvet ndiye aliyeshika hesabu, wafanyakazi ndio waliolinda milango, na wachezaji ndio waliokimbia uwanjani. Hata jengo la ofisi ya klabu liliposhambuliwa kwa bomu kutoka angani mwezi Machi 1938, aliyekuwa ndani alikuwa mlinzi na si kocha. Sifa ya O'Connell ni ndogo kuliko hiyo, na kwangu ni nzito zaidi: mara mbili alikuwa nje ya hatari, na mara mbili alirudi.

Mwana aliyeitwa mpwa

Barcelona ilianguka mikononi mwa Franco Januari 1939. O'Connell hakuwa mwanasiasa, na serikali mpya haikumzuia kufanya kazi. Alirudi Seville kuifundisha Betis, kisha akavuka kwa mahasimu wao Sevilla, jambo ambalo katika mji ule si dogo, na msimu wa 1942/43 akaifikisha Sevilla nafasi ya pili kwenye ligi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa tena Santander na Racing, pale alipoanzia.

Katika miaka hiyo ya baadaye mmoja wa wanawe aliyeachwa Manchester alikata shauri kumtafuta. Alikuwa mtu mzima sasa. Alisafiri hadi Seville, akamwona baba yake. Inasimuliwa katika familia kwamba O'Connell, badala ya kumtambulisha kwa watu kama mwanawe, alisema ni mpwa wake. Maisha aliyokuwa ameyajenga pale yasingestahimili neno mwanangu.

Msomaji wangu, mtu anaweza kusoma orodha nzima ya mataji ya O'Connell na hili likayazidi yote kwa uzito. Alikuwa jasiri wa kurudi kwenye mji unaopigwa mabomu, lakini hakuwa na ujasiri wa kumwita mtoto wake kwa jina lake mbele ya rafiki zake.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Kazi zilikwisha, pesa zikaisha, na katikati ya miaka ya 1950 akaenda London, ambako nduguye alimpa hifadhi. Aliyeitwa Don Patricio katika viwanja vya Uhispania alikuwa mzee fukara asiyejulikana na jirani. Alifariki Februari 1959, akiwa na miaka 71, na akazikwa kwenye makaburi ya Wakatoliki ya St Mary's, Kensal Green. Kaburi lake halikuwekwa hata jiwe. Kwa zaidi ya nusu karne watu walipita juu yake bila ya kujua ni nani.

Waliolifukua jina lake

Waliomtoa kwenye usahaulifu hawakuwa matajiri wa Barcelona. Alikuwa ni mke wa mmoja wa wajukuu zake, kutoka upande ule ule ulioachwa Manchester, aliyefanya kazi ya miaka ya kufuatilia habari zake na kuziandika kitabu. Hakumficha babu mkwe wake. Aliandika mataji na akaandika talaka isiyokuwapo. Baadaye, katika miaka ya 2010, mashabiki wa Ireland na Uingereza walianzisha mfuko wa kumkumbuka, wakachanga na kuwekea kaburi lake jiwe lenye jina.

Hilo ndilo linalonifanya nione kwamba ile desturi yetu ya kumsitiri maiti ina mipaka yake. Kuna stara inayomlinda marehemu, na kuna stara inayowafuta waliobaki. Kama familia ile ingeamua kunyamaza ili jina la babu libaki safi, mama aliyelea watoto wanne peke yake naye angefutika, na kijana aliyesafiri hadi Seville angebaki kuwa mpwa milele. Waliamua kusema yote, na baada ya kusema yote jiwe likasimamishwa kaburini.

Kwa hiyo siku nyingine Barcelona na Madrid zitakapokutana, na baraza ikaanza kubishana nani ni mkubwa kati ya nani, mtajeni na Patrick O'Connell. Semeni kwamba alirudi kazini wakati wengine walipokimbia, na hakuna wa kumnyang'anya hilo. Kisha semeni na la nyumbani kwake. Na kama katika baraza hiyo yumo mtu ambaye ana watoto mahali fulani hajawapigia simu tangu mwaka jana, asubuhi bado haijapita. O'Connell alikuwa na miaka 37 ya kupanda meli ya kurudi Manchester, kuanzia 1922 hadi 1959.